Kipimo cha tumbo langu

Mama mboga wetu hapa Umoja, Nairobi, ameshanizoea. Akiniona nakaribia kibanda chake jioni, huanza kukata sukuma bila kuuliza, kisha huinama na kutoa chini ya meza fungu la majani ya vitunguu, yale ya kijani ambayo wateja wengi humwambia ayakate abakishe kitunguu chenyewe. Mimi huchukua majani, kitunguu namwachia. Wiki za kwanza aliniuliza kama nafuga sungura. Siku hizi ananiuliza tu, "Mwalimu, tumbo linaendeleaje?" nami humjibu ukweli.

Ilinichukua zaidi ya miaka 3 kufika kwenye fungu hilo la majani. Naandika njia niliyopitia na tumbo langu kwa sababu najua kuna mtu saa hii yumo ndani ya matatu, ameshika tumbo, anahesabu steji zilizobaki.

Matatizo yangu yalianza Aprili 2016. Tulikula kwenye harusi, wageni kadhaa tukaugua, nikahara siku 4 mfululizo. Kuhara kulikoma, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Wiki hii ningeenda choo mara 5 kabla ya saa nne asubuhi, wiki ijayo siku 3 zingepita bila kwenda kabisa. Jioni tumbo lilifura hadi nikalegeza zipu ya sketi. Maumivu yalikaa chini ya kitovu, upande wa kushoto, yakipungua kidogo nikishatoka chooni na kurudi baada ya kula.

Asubuhi moja ya Jumatatu matatu ilikwama kwenye Jogoo Road, magari yamesimama mbele na nyuma. Nilihisi tumbo likinikamata. Nilijaribu kupumua polepole, nikaanza kutoka jasho shingoni, mwisho nikamwambia kondakta anishushe papo hapo katikati ya barabara. Nilivuka kwa kupita kati ya magari hadi kituo cha petroli. Kijana aliyekuwa akitia mafuta alinitazama mara moja tu, hakuuliza kitu, akanirushia ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mti. Sijawahi kumsahau kijana yule. Kuanzia siku hiyo niliacha kunywa chai nyumbani. Kwa mwaka mzima sikuweka chochote tumboni kabla ya kufika shuleni, na darasani niliwafundisha watoto 58 nikiwa karibu na mlango, kiranja akijua kwamba mwalimu akitoka ghafla yeye ndiye wa kusimamia usomaji.

Mambo ya matibabu ya miaka hiyo nitayapitia haraka. Kwanza niliambiwa ni ameba. Nikapewa vile vidonge vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni, nikapata nafuu wiki moja, hali ikarudi. Kisha nikaambiwa ni taifodi. Nilitibiwa taifodi mara 3 ndani ya miezi 14, kila mara kwa kutobolewa kidole na kusubiri dakika chache. Kisha vidonda vya tumbo. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kile kipimo cha haraka cha taifodi huangalia kingamwili, nazo zinaweza kubaki mwilini tangu maambukizi ya zamani, au hata kuonekana kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, na hicho hakuna aliyewahi kunifanyia. Nilikuwa nimemeza antibiotiki nyingi kwa ugonjwa ambao pengine sikuwa nao.

Machi 2019 nilimpata daktari aliyeniuliza maswali kabla ya kuniandikia dawa. Je, kuna damu kwenye choo? Nimepungua uzito bila kutaka? Tumbo huniamsha usiku? Nina homa? Kuna mtu katika ukoo wetu aliyepata saratani ya utumbo? Haya maswali nayataja kwa makusudi. Yeyote anayejibu ndiyo kwa mojawapo, au ambaye dalili zimemwanzia akiwa na umri wa miaka 50 na zaidi, asijitibu kwa kubadilisha vyakula. Aende akapimwe kwanza. Mimi nilijibu hapana kwa yote. Akapima damu, akapima kinyesi, akapima pia kama mwili wangu unakataa ngano kwa ule ugonjwa wa siliaki. Vyote vikarudi safi.

Akaniambia nina IBS (irritable bowel syndrome), yaani utumbo unaosumbuka kwa wepesi. Kigezo ni maumivu ya tumbo yanayokuja angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yanayofungamana na kwenda choo au na mabadiliko ya choo, dalili zikiwa zilianza miezi 6 au zaidi nyuma. Alisema huweza kuanza hivyo hivyo, baada ya mtu kuhara vibaya mara moja. "Utumbo wako hauna kidonda," alisema. "Una wepesi wa kuhisi. Neva zake zinapigia ubongo kelele kwa jambo ambalo utumbo wa jirani yako hauoni kama ni jambo." Nililia pale kwenye kiti. Watu walikuwa wameshaniambia ni wasiwasi tu, na hapa kulikuwa na mtu aliyesema maumivu ni ya kweli ingawa picha na vipimo havionyeshi jeraha.

Alinitajia lishe iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kule Australia, inayoitwa lishe ya FODMAP kidogo. FODMAP ni sukari fupifupi zilizomo ndani ya vyakula vya kawaida: kitunguu, ngano, maharagwe, maziwa, baadhi ya matunda. Utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zinavuta maji, zinateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanazichachua na kutoa gesi. Kwa kiasi fulani hili hutokea kwa kila mtu. Watu wawili wakila sahani moja ya githeri wanaweza kupata gesi ileile, lakini mmoja atajamba na kuendelea na kazi, mwingine atajikunja kitandani.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili nataka nilikalie.

Nilichapisha orodha ndefu kwenye saiba, nikaibandika mlangoni mwa jokofu, nikakata kila kilichoandikwa kwa rangi nyekundu. Orodha yenyewe ilikuwa na mboga ambazo sijawahi kuziona sokoni, lakini haikuwa na managu, haikuwa na terere, haikuwa na muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa. Kisichokuwemo nikakiogopa pia. Nikabaki na ugali, sukuma isiyo na kitunguu, mayai, wali mweupe, kuku wa kuchemsha. Baada ya wiki 3 tumbo lilitulia kuliko lilivyowahi kutulia tangu 2016. Nilifurahi sana nikajiambia sitatoka hapo kamwe. Mwezi ukaisha, na wa pili, na wa tano. Nilishuka kutoka kilo 68 hadi 61. Nilikuwa nakataa mialiko. Nilibeba chakula changu kwenye kikopo hata msibani.

Agosti nikaenda kwa mama, Machakos. Alikuwa ameamka alfajiri kupika muthokoi na mbaazi, chakula ambacho nikiwa mtoto nilikuwa nalamba hadi chini ya sufuria. Nikafungua kikopo changu cha wali. Mama alinitazama kwa muda, akafunika sufuria, akakaa. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nilimweleza juu ya sukari na bakteria, lakini nilikuwa namweleza mtu ambaye alikuwa ameshaumia. Usiku ule nililala nikijua kwamba nimepata nafuu ya tumbo na kupoteza kitu kingine kikubwa.

Septemba nikajikusanyia pesa nikaenda kwa mtaalamu wa lishe. Alisikiliza, akaniuliza, "Nani alikuambia ukae huko miezi 5?" Hakuna aliyeniambia. Kumbe ile hatua ya kukata ni ya wiki 2 hadi 6 tu, halafu inafuata hatua ya kurudisha vyakula kimoja kimoja, halafu ya tatu ambayo ndiyo maisha yenyewe, kula kila kitu ambacho tumbo lako linakubali kwa kiasi linachokubali. Aliniambia kwamba zile sukari ni chakula cha bakteria wazuri pia, na kuwanyima muda mrefu si jambo jema. "Orodha haikujui," alisema. "Tumbo lako ndilo linajua, lakini lazima uliulize vizuri."

Kuuliza vizuri kulikuwa hivi. Nilinunua daftari la kawaida la mwanafunzi. Kila juma nilichagua chakula kimoja tu: siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi kidogo, ya tatu kiasi cha mtu wa kawaida, vyakula vingine vyote vikibaki vile vya salama. Kisha siku 2 au 3 za kupumzika kabla ya kingine. Niliandika nilichokula, kiasi gani, saa ngapi, tumbo lilivyokuwa usiku na kesho yake. Aliniomba niandike pia nililalaje, niko siku gani ya mwezi, na shuleni kulikuwa na nini. Safu hizo tatu za mwisho nilidhani hazina maana.

Kitunguu ndicho kilichonishinda kabisa. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, usiku mzima nimekunja magoti. Nilikuwa nimejaribu zamani kuviokota kutoka kwenye mchuzi nikala uliobaki, bila msaada, na sikuelewa kwa nini. Mtaalamu akanieleza: sukari ya kitunguu inaitwa fruktani, nayo huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Ukishatia nyanya, majimaji yake yanaikamua sukari ile na mchuzi wote unakuwa kitunguu, hata ukiokota kila kipande. Sasa mimi natia mafuta kwenye sufuria kavu, naweka kitunguu kilichokatwa vipande vikubwa na punje ya saumu iliyopondwa, moto mdogo, hadi nyumba nzima inukie. Ndipo navitoa vyote kwa uma, naweka pembeni kwa ajili ya mume wangu, na baada ya hapo tu naingiza nyanya. Harufu na ladha vimebaki kwenye mafuta. Mwisho kabisa, nikiepua, nanyunyiza yale majani ya kijani. Mafuta hayo napikia siku ileile, siyaweki, kwa sababu mafuta ya saumu yakikaa nje yanaweza kuzaa sumu hatari. Mara ya kwanza kula sukuma iliyopikwa hivyo nilisimama jikoni nikala nusu ya sufuria na kijiko cha kupikia. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kinaweza kuwa na ladha.

Maharagwe yalinishangaza kwa upande wa pili. Orodha iliyapiga marufuku, na mimi nilikuwa nimeshayaaga. Kumbe sukari zake nazo hutoka kwenye maji, na safari hii maji ni rafiki. Naloweka usiku kucha, namwaga. Nachemsha robo saa, namwaga tena, naosha, ndipo nachemsha hadi yaive. Vijiko 3 vikubwa kwenye wali, hakuna shida. Sita, nafura. Ndengu zinanivumilia zaidi kuliko maharagwe mekundu. Njahi hapana, hata kijiko.

Maziwa nilidhani ni adui mkubwa. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na sisi Waafrika tumo kwa wingi, ingawa jamii nyingi za wafugaji hukibakiza hadi uzeeni. Daftari langu likasema jambo jingine: kikombe kimoja cha chai yetu ya Nairobi, nusu maziwa nusu maji, tumbo halikujua. Cha pili, lilinung'unika. Cha tatu, shida. Na mimi shuleni nilikuwa nakunywa vitatu hadi vinne, kwa sababu birika la saa nne hukaa pale mezani na baridi ya Julai unaijua. Sasa nakunywa kimoja cha maziwa na baada ya hapo strungi ya tangawizi. Maziwa ya mala yananikubali hata glasi nzima, kwa kuwa bakteria wa kuchachusha wameshakula sehemu ya sukari ile.

Mengine kwa kifupi. Chapati moja sawa, mbili hapana. Viazi, nduma, ndizi za kupika, sawa tele. Ndizi iliyoiva hadi madoa meusi, hapana, lakini ikiwa bado ngumungumu, sawa. Avokado kipande chembamba. Tikiti maji na embe vilinilaza vyote viwili. Pumba za ngano, ambazo kila mtu alinishauri nile kwa ajili ya choo, zilinizidishia maumivu, ilhali uji wa oti (oats) ulinilainishia choo bila kelele, kwa sababu nyuzinyuzi si za aina moja.

Tena haya ni yangu. Mwalimu mwenzangu wa hisabati ana ugonjwa huuhuu, na yeye anakula kachumbari yenye kitunguu kibichi hadi machozi yanamtoka, hana neno. Glasi ya maziwa inamlaza. Tungebadilishana orodha zetu, sote wawili tungekuwa chooni.

Kuna siku moja iliyonifunza zaidi ya zingine. Ilikuwa Alhamisi, nilikuwa nimeshamaliza majaribio karibu yote, nikala vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa kimepita: chai ya maziwa na andazi asubuhi, chapati na vijiko 3 vya maharagwe mchana, avokado jioni. Saa tatu usiku nilikuwa sakafuni. Nilifungua daftari nikidhani nimekosea mahali, nikaona sikukosea hata mstari mmoja. Kila kitu kilikuwa ndani ya kiasi chake. Tatizo ni kwamba vilikutana. Nilichora mstari chini ya siku ile nikaandika: hesabu ni ya siku nzima. Tangu hapo, nikijua jioni tuna chapati, mchana nakula wali. Nikijua kesho kuna harusi, leo nakula ugali na omena nikiwa na amani.

Zile safu tatu nilizozidharau nazo zikasema. Wiki ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Oktoba 2019, nilikuwa nakula vyakula vya salama pekee, maana sikutaka balaa nikiwa na darasa la nane. Tumbo lilinisumbua siku zote za mtihani na kunyamaza Ijumaa. Siku mbili kabla ya hedhi, hali ileile. Usiku wa kulala saa 4 tu, hali ileile. Neva za ubongo na za utumbo zinazungumza pande zote mbili, na kuna siku ambazo chakula hakina hatia. Kujua hilo kuliniokoa na tabia ya kukiondoa chakula kila nilipoumwa. Siku kama hizo sasa napunguza kiasi, natembea kutoka shuleni steji mbili tatu kabla ya kupanda gari, nalala mapema. Daktari pia alinipa vidonge vya mafuta ya minti, na hunisaidia mkazo ukishika.

Nimerudi kilo 66. Nakunywa chai nyumbani tena, saa kumi na moja na nusu asubuhi, nikiwa nimekaa.

Desemba iliyopita nilienda Machakos. Nilimkuta mama nyuma ya jiko, ameinama, ameinamisha sufuria ya mbaazi akimwaga maji kwenye shina la mwembe. "Hii ni mara ya pili," aliniambia kabla sijamsalimu, "na zimelala kwenye maji tangu jana." Alinipakulia muthokoi kwa kijiko kikubwa, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akanitazama. Nikamwambia aongeze nusu. Tulipomaliza alikata embe la mti uleule, akala lake, na kipande kimoja chembamba akakiweka kwenye ukingo wa sahani yangu bila kusema kitu. Nilikila. Kisha nikatoa daftari kwenye mkoba, nikaandika tarehe, saa nane na dakika ishirini, embe, kipande kimoja, kwa mama.